Mbwa naye huumwa na jino: Soma haya kabla hajachomwa sindano

MWENYE ghala mjini Kismayu au ua wa mbuzi kule Ras Kamboni hupata usingizi kwa sababu yupo kiumbe mmoja anayekesha kwa niaba yake. Kiumbe huyo ni mbwa.

Siku mbwa huyo anapoacha kula, akaanza kuchuruzika mate na kujificha pembeni, wasiwasi humwingia mwenyewe. Mali imebaki bila mlinzi, na hajui amwite nani.

Katika safari zangu za kikazi kwenye mwambao huu, kuanzia Lamu, Faza na Kiunga hadi upande wa pili wa mpaka, nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ni nani awezaye kumng'oa mbwa jino, na je, ni kweli kwamba lazima kwanza alazwe kwa sindano ya mshipa?

Wanaouliza ni wa makundi mawili. La kwanza ni la waliorejea nyumbani. Wengi wa Wabajuni walikimbia kwa majahazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, wakaingia Lamu na Mombasa. Wapo waliokaa kambi ya Jomvu, wapo waliofika Uingereza na Marekani.

Baadaye wakaja waliotoka Dadaab. Kenya, Somalia na shirika la UNHCR walitia saini mkataba wa kurejea kwa hiari mnamo Novemba 2013, na misafara ya kwanza ikaondoka Desemba 2014. Kismayu ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuwapokea. Waliorudi walijenga, na mwenye kujenga hutaka mlinzi wa mifuko yake ya saruji.

Kundi la pili ni la wafanyabiashara wa mpakani, wenye sukari, nguo, samaki na mifugo. Wao ghala ndiyo roho yao, na mbwa wa ghala ni kama kufuli la pili.

Nimeona vyema niyaweke pamoja niliyoyashuhudia na niliyofundishwa na madaktari wa mifugo, kwa sababu swali lenyewe lina hatari mbili ndani yake. Moja ni ya mbwa kufa mezani. Ya pili ni ya mwenye mbwa kufa yeye mwenyewe.

Mdomo usiotazamwa

Pwani hii ni ya madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo ameruhusiwa, na kila mmoja wetu amesikia darasani habari ya mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Matokeo yake ni kwamba mbwa hufugwa, hulishwa na hutegemewa, lakini mdomo wake hautazamwi na mtu. Ng'ombe hukaguliwa meno akinunuliwa, na punda vilevile. Mbwa hufunuliwa mdomo siku ile tu amekwisha kuoza jino na shavu limevimba.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Chonge zake nne zina mizizi mirefu kuliko sehemu inayoonekana, hivyo kung'oa chonge ni kazi ya kupasua fizi na kuchonga mfupa. Si jambo la koleo na nguvu za mkono.

Jino linalosumbua sana ni lile gego kubwa la juu la kukatia nyama, lenye mizizi mitatu. Likivunjika kwa kutafuna mfupa mgumu, jiwe au chuma cha banda, usaha hujikusanya kwenye mizizi na uvimbe hutokeza chini ya jicho. Wengi hudhani mbwa amepigwa jiwe au ameumwa na nyuki. Uvimbe hupasuka, hupona juu juu, kisha hurudi baada ya wiki kadhaa.

Ugonjwa mwingine, na ndio ulioenea zaidi, ni ule wa fizi. Ukoga hugeuka kuwa ugaga mgumu kama chokaa, fizi huvimba na kurudi nyuma, na jino hulegea. Harufu mbaya mdomoni ndiyo dalili ya kwanza, nayo si tabia ya kawaida ya mbwa kama wengi wanavyoamini.

Si kila mate ni jino

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu aya hizi chache zinaweza kumwokoa mtu.

Mbwa anayechuruzika mate, asiyeweza kufunga taya, anayeshindwa kumeza na ambaye sauti yake imebadilika, anaweza kuwa hana jino bovu hata moja. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hulegeza misuli ya taya na koo, na mwenye mbwa hudhani kuna mfupa umekwama. Anaingiza mkono kuutafuta, na mate yenye virusi yanaingia kwenye mchubuko wa kidole.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba takriban visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilianza mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, ukiwa na lengo la mwaka 2030.

Kwa hivyo swali la kwanza si jino gani linauma. Ni je, mbwa huyu amechanjwa, na lini? Kama hajachanjwa, au amebadilika tabia ghafla, au alipigana na mbwa mgeni au mbweha wiki au miezi iliyopita, asiguswe mdomo. Afungiwe mahali pa peke yake na daktari wa mifugo aitwe.

Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa nini alazwe kabisa

Binadamu akiumwa na jino huchomwa ganzi, akafungua kinywa, akavumilia. Mbwa huwezi kumwambia avumilie. Hata aliye mpole atafunga taya pale chuma kinapogusa fizi, na taya hizo zimeumbwa kuvunja mifupa.

Lakini sababu kubwa ni nyingine. Kusafisha meno kwa mashine hunyunyiza maji, na kung'oa hutoa damu. Vitu hivyo vikiteremka kwenye njia ya hewa, mbwa atapata homa ya mapafu au atapaliwa na kufa. Ndiyo maana daktari humlaza kabisa, yaani nusukaputi, kisha humpitishia mpira kooni hadi kwenye bomba la hewa. Mpira huo una kifuko kidogo kinachojazwa upepo ili kuziba pembeni, maji na damu visipite.

Ugaga unaodhuru, aidha, ni ule uliojificha chini ya fizi. Kumshika mbwa kwa nguvu na kumkwangua meno akiwa macho humpa mwenyewe meno meupe ya kutazama na kuacha ugonjwa pale pale ulipokuwa.

Mbwa wa Oxford

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba historia ya sindano ya mshipa ilianza na mbwa. Mwaka 1656, mjini Oxford, Uingereza, Christopher Wren, ambaye baadaye alikuja kuwa msanifu wa kanisa kuu la St Paul's mjini London, alichukua unyoya wa ndege uliokuwa wazi ndani, akaufunga kwenye kibofu cha mnyama na kuingiza afyuni iliyoyeyushwa katika mvinyo kwenye mshipa wa mbwa.

Mbwa alilewa mara moja. Mwanasayansi Robert Boyle, aliyekuwa na mbwa huyo, aliandika kwamba walimtembeza bustanini kwa viboko ili asilale moja kwa moja. Alipona, akanenepa, akapata umaarufu, na mwishowe akaibiwa.

Miaka karibu 200 ikapita kabla ya kupatikana sindano yenye tundu kama tunayoijua. Katika miaka ya 1930 ikaja thiopentali, dawa iliyotawala vyumba vya upasuaji kwa miongo mingi. Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Propofoli ilitokana na kazi ya daktari wa mifugo, Iain Glen, Mskochi aliyetoka Chuo Kikuu cha Glasgow na kuingia kampuni ya ICI, na ikaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1986. Mwaka 2018 alitunukiwa tuzo ya Lasker. Kwa hivyo dawa inayomlaza rais na waziri katika hospitali kubwa za dunia ilitoka mikononi mwa daktari wa wanyama.

Dawa na tabia zake

Propofoli ni nyeupe kama maziwa, kwani imechanganywa na mafuta ya soya na kiini cha yai. Humlaza mbwa kabla ya dakika moja kumalizika, na dozi moja huisha nguvu baada ya dakika chache. Daktari akitaka usingizi uendelee huongeza kidogo kidogo, au huipitisha kwa mashine inayosukuma bomba polepole.

Ubaya wake ni kwamba ikisukumwa haraka, mbwa huacha kupumua. Mwenye oksijeni na mpira wa kooni atampumulisha hadi pumzi irudi. Asiye navyo atabaki kumtazama.

Isitoshe, mafuta yale ni chakula kizuri cha vijidudu. Chupa ya kawaida ikishafunguliwa hutakiwa kutupwa saa chache baadaye. Haitakiwi kugandishwa, wala kukaa kwenye joto kali. Sasa fikiri chupa iliyosafiri kwenye mashua kutoka Lamu juani siku mbili, ikauzwa nusu na nusu ikawekwa kwa ajili ya mteja mwingine.

Ketamini ina tabia tofauti. Aliyelazwa kwayo hubaki macho wazi, na kwa kawaida pumzi na mapigo ya moyo hayashuki sana. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1985, na katika sehemu zisizo na umeme wala mashine imeokoa kina mama wengi na majeruhi wa vita. Sehemu zetu ni miongoni mwa hizo.

Lakini kwa mbwa, ketamini haitumiwi peke yake. Humkakamaza misuli, humwongezea mate na huweza kumtia degedege. Daktari huiunganisha na dawa ya kulegeza misuli, kama diazepamu.

Ya tatu ni zailazini, ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa sababu hutumika kwa ng'ombe, farasi na punda. Hutuliza na kupunguza maumivu, lakini hushusha mapigo ya moyo na mara nyingi humtapisha mbwa. Kipimo cha ng'ombe, farasi na mbwa hakifanani hata kidogo, na chupa ya farasi huwa na dawa kali zaidi. Uzuri wake ni kwamba ina dawa ya kuitangua. Propofoli na ketamini hazina.

Kuna na suala la aina ya mbwa. Waliofanya kazi Oman na Imarati wanamjua saluki, yule mbwa mwembamba wa mawindo. Mbwa wa jamii hiyo huchelewa mno kuamka wakipewa thiopentali, kwa vile hawana mafuta mengi mwilini na ini lao huivunja dawa hiyo polepole. Mwenye saluki au chotara wake amweleze daktari mapema.

Nilivyoshuhudia mezani

Ili nisiandike ya kuambiwa tu, niliomba ruhusa nikasimama kando katika kliniki moja ya mifugo jijini Mombasa wakati mbwa mlinzi aking'olewa gego lile la juu.

Hakuna aliyeharakisha. Mbwa alikuwa amenyimwa chakula tangu usiku, maji akaachiwa hadi asubuhi. Alipimwa uzito kwenye mizani kwanza, kwa kuwa kila dawa huhesabiwa kwa kilo. Kukisia kwa macho ndiko huwaua wengi, hasa wale walionyong'onyea kwa kutokula. Moyo na mapafu vilisikilizwa, damu ikachukuliwa kupimwa figo na ini.

Alipewa dawa ya kutuliza na ya maumivu, akaachwa dakika kadhaa mahali pa kimya. Kisha manyoya ya mguu wa mbele yakanyolewa, ngozi ikasafishwa, na kimrija cha plastiki kikaingizwa mshipani na kufungwa kwa plasta. Kimrija hicho ndicho roho ya kazi nzima. Mbwa akizidiwa, dawa ya kumwokoa hupitia hapo hapo bila kutafuta mshipa upya.

Dawa nyeupe iliingia polepole, daktari akihesabu. Kichwa kikalegea. Ulimi ukavutwa, mpira ukapita kooni, oksijeni ikaunganishwa na dripu ikafunguliwa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba baada ya hapo walimchoma pia ganzi kwenye neva ya taya, kama sisi kwa daktari wa meno. Nilielezwa kwamba aliyelala bado mwili wake huhisi, na ganzi ikiwapo dawa ya usingizi hupunguzwa. Dawa ikipungua, hatari nayo hupungua.

Msaidizi mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kumwangalia mbwa: rangi ya fizi, mwendo wa kifua, mapigo na joto la mwili. Hata katika joto la Mombasa, mbwa aliyelala na kuloweshwa maji hupoa haraka, hivyo alifunikwa blanketi. Gego lilipasuliwa vipande vitatu, kila kimoja na mzizi wake, kikatolewa kimoja kimoja.

Mpira haukutolewa kooni hadi alipoanza kumeza mwenyewe. Alilazwa kwa ubavu, mtu akiwa pembeni yake, hadi alipoinua kichwa.

Hatari kwa hesabu

Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kati ya 2002 na 2004, ukaongozwa na Dave Brodbelt na kuchapishwa mwaka 2008, ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliolazwa au kutulizwa kwa dawa. Aliyekufa alikuwa takriban mmoja kati ya 600.

Ukiwatenga, picha hubadilika. Kwa mbwa wenye afya alikufa mmoja katika 1,800 na ushei. Kwa waliokuwa wagonjwa, alikufa mmoja katika 75. Tena karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya kazi kwisha, na vingi vya hivyo katika saa tatu za mwanzo, wakati watu wamekwisha kunawa mikono na kudhani yamepita.

Hizo ni hesabu za kliniki zenye oksijeni, vipimo na wasaidizi. Mahali ambapo kuna chupa na sindano pekee, hakuna sababu ya kutarajia mema kuliko hayo.

Punda wa Lamu na somo lake

Kuna anayesema haya ni mambo ya wazungu na mbwa wao. Mimi humjibu aende Lamu. Mwaka 1987, kituo cha kutibu punda kilifunguliwa mjini humo na shirika la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Mwingereza Elisabeth Svendsen. Wenye punda wa kubeba mawe ya matumbawe na mchanga walijifunza kwamba punda aliyekonda huenda hana minyoo bali meno yenye ncha, yanayomkata ulimi kila akitafuna.

Meno ya punda huendelea kuchomoza maisha yake yote na husawazishwa kwa tupa. Mkaidi hutulizwa kwa sindano ya mshipa wa shingo, akiwa amesimama. Wabajuni wa Faza, Siyu na Kizingitini wanaifahamu kazi hiyo. Ujuzi ni ule ule: kupima uzito, kupata mshipa, kujua dawa na kukaa na mnyama hadi azinduke. Hata punda ana tabia yake, kwani huimaliza ketamini mwilini haraka kuliko farasi na huweza kuamka katikati ya kazi.

Upande wa ulinzi nako mbwa si anasa. Kikosi cha mbwa cha Polisi wa Kenya kilianzishwa mwaka 1948. Katika bandari ya Mombasa mbwa wamenusa pembe za ndovu ndani ya makontena, na huko Somalia mbwa wa kunusa mabomu walifanya kazi pamoja na majeshi ya AMISOM. Mbwa wa namna hiyo akiumwa na jino hapelekwi kwa mwenye koleo, kwani mafunzo yake yamegharimu miezi na fedha nyingi. Mbwa wa ghala lako naye amekugharimu.

Muulize maswali haya

Mjini Kismayu na vijiji vya pwani, anayejitokeza mara nyingi si daktari. Ni kijana mwenye mkoba wa dawa za mbuzi, mwenye nia njema pengine, na ambaye mchana huo amechanja kundi zima la mtu. Kuuliza si ujinga, na anayekasirishwa na maswali amekwisha kukujibu.

Muulize utampima uzito kwa nini. Muulize ni dawa gani, chupa ilifunguliwa lini na imehifadhiwa wapi. Muulize kama ana mpira wa kooni wa saizi ya mbwa huyo na oksijeni ya kumpa. Muulize ni nani atakayemwangalia mbwa wakati yeye anashughulika na jino. Muulize atafanya nini pumzi ikikatika, na atakaa hadi saa ngapi baada ya kazi.

Upande wa Kenya, daktari wa mifugo husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011. Usione haya kumwomba akuonyeshe usajili wake. Upande wa Somalia wapo vijana waliosoma, wakiwamo waliotoka chuo cha mifugo cha Sheikh kilichofunguliwa mwaka 2002, na wengine waliosomea Nairobi, Morogoro na Kampala. Waulizie kwa maofisa wa mifugo kabla ya kumwendea wa sokoni.

Anayetaka kumvusha mbwa kwenda kutibiwa ajue kwamba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya na kibali cha kuingiza mnyama vyote hutakiwa. Aanze na karatasi ndipo atafute chombo.

Ukiwa mbali na daktari

Wapo walio Koyama, Chula au Ngumi, ambako daktari wa mifugo hufika kwa nadra kama meli ya mizigo. Yapo wanayoweza kufanya bila sindano yoyote.

Kwanza, ukishaondoa shaka ya kichaa cha mbwa, mpe chakula laini: wali uliolainishwa kwa supu ya samaki aliyetolewa miiba, au nyama ya kusaga. Jino bovu halimuui mbwa kwa siku mbili tatu. Njaa na kiu ndivyo humdhoofisha, na mbwa dhaifu ndiye yule mmoja katika 75.

Pili, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na daiklofenaki, ambazo kila duka linazo, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Usimpe pia nusu ya dawa za kuua vijidudu zilizobaki nyumbani, kwani uvimbe utanywea kwa muda na mzizi uliooza ubaki pale pale.

Tatu, mpigie daktari simu na umtumie picha ya uso wa mbwa kutoka mbele na ubavuni. Uvimbe chini ya jicho moja humwambia mengi, naye atakuambia kama ni la kungoja wiki au la kusafiri kesho.

Nne, na hili ndilo rahisi kuliko yote, ziba ufa mapema. Mnyime mbwa mifupa iliyokauka, pembe na mawe ya kuchezea. Mzoeshe tangu mdogo kuinuliwa mdomo, kwa glavu kama unachelea najisi, umtazame meno mara moja kwa mwezi. Mchanje kila mwaka. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi kuliko nauli ya kumpeleka mtu hospitali baada ya kung'atwa.

Kinachokosekana

Nimezungumza na wafanyabiashara kadhaa wa Kismayu wanaosafirisha mbuzi na ng'ombe. Kila mmoja analipa wapagazi, walinzi, ushuru na mafuta ya boti, lakini hakuna aliyeniambia anachangia mshahara wa daktari wa mifugo. Wote humtafuta siku mnyama ameanguka.

Kliniki moja yenye mizani, friji inayotegemea jua, mtungi wa oksijeni na daktari mmoja aliyefuzu ingewahudumia mbuzi wa bandarini, punda wa maji, ngamia wa wafugaji na mbwa wa maghala. Wenye maghala kumi wakichanga, haitakuwa mzigo kwa yeyote. Walioishi Mombasa, Nairobi na ughaibuni wameiona huduma hiyo kwa macho yao, na hawana udhuru wa kusema haiwezekani.

Mpaka hapo itakapopatikana, ushauri wangu ni mfupi. Mbwa wako akichuruzika mate, mtazame kwa mbali kwanza. Akiwa ni jino kweli, mtafutie mwenye kimrija, mpira na oksijeni, hata kama ni safari ya siku mbili. Na akija mtu na chupa mfukoni akakuambia ni kazi ya dakika tano, mpe chai, mshukuru, umwache aende zake.